Vyuma vya meno: tuanze na jino, si rangi

Mhariri,

Anayekwenda kunyoosha meno siku hizi huuliza kwanza kama vyuma vitaonekana. Kwa sisi wa Arusha na vijiji vya chini ya Mlima Meru, swali la kwanza ni jingine: floraidi ya maji tunayokunywa imeliathiri jino kiasi gani?

Sababu ni gundi. Kila braketi, kile kidude kinachobeba waya, hubandikwa baada ya jino kupakwa asidi ya fosforasi, kwa kawaida ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30. Asidi huacha vitundu vidogo mno ambamo gundi hushika. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikiwa na madoa ya kahawia ya floraidi huikaidi asidi, vitundu havitoki vizuri, na braketi hung'oka hata kwa kipande cha muhogo. Daktari anaweza kuongeza muda wa asidi au kusugua kidogo uso wa jino. Muulize kabla hajaanza.

Hapo ndipo braketi ya kauri, ile yenye rangi ya jino, inapoleta shida. Braketi ya chuma hubanwa kwa koleo, ikapinda na kuachia. Kauri haipindi, siku ya kuivua huweza kupasuka au kuondoka na kipande cha enameli, na enameli iliyoharibiwa sana na floraidi hubanduka kirahisi. Tena kauri ni ngumu kuliko jino: ikiwekwa chini na meno ya juu yakaigusa wakati wa kutafuna, ya juu ndiyo yanayolika. Anayeitaka kwa vyovyote aiweke juu tu, na ajue kwamba vimpira vyake angavu vya kufungia waya vitageuka njano kwa mchuzi wa bizari na kubaki hivyo mpaka vibadilishwe, wiki 4 hadi 8 baadaye.

Zipo pia braketi zenye kilango cha kufungia waya, zisizohitaji vimpira, zinazouzwa ghali kwa ahadi ya kumaliza mapema. Tafiti zilizozilinganisha na za kawaida hazijaonyesha tofauti ya maana.

Vifuniko vya plastiki angavu vinafaa meno yaliyobanana kidogo au yenye mianya midogo. Kila seti husogeza jino kama robo milimita, na hubadilishwa baada ya wiki 1 au 2. Masharti yake ni kuvaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Mtu wa chai na vitafunwa kila saa asijidanganye, maana lazima avivue kila mara, na akivisuuza kwa maji ya moto vinapinda. Chonge iliyojizungusha sana waya huimudu vizuri zaidi. Wala gundi haikwepeki: mara nyingi vifuniko huhitaji vinundu vya kubandika kwenye jino, na floraidi ni ileile.

Ombi letu kwa kliniki: karatasi ya gharama itaje tangu mwanzo riteina, kile kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka. Vyuma vikitolewa, nyuzi za ufizi na mfupa huwa bado havijatulia, na asiyevaa riteina usiku huona meno yakianza kurudi. Iseme pia nani atalipia braketi iliyong'oka. Kwa meno ya huku kwetu, zitang'oka.

Matabibu wa meno,
Arusha