Dhamana ya mwizi na dhamana ya mpwa wako

Morogoro

Shoga yangu Zaituni,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto wote. Barua yako imefika, na nisamehe kama nilicheka kidogo. Ukurasa wa kwanza unamlaani hakimu aliyempa dhamana kijana anayedaiwa kuvunja duka la jirani yako. Ukurasa wa pili unaniuliza utamtoaje mpwa wako rumande. Mlango aliotokea yule ndio huohuo atakaotokea huyu, kwa hiyo nakujibu yote kwa pamoja.

Huyo wa dukani hajaachiwa, shoga. Kesi yake ipo palepale, ana tarehe ya kurudi, na wapo watu waliosaini kwamba atarudi. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Siku ya dhamana hakimu haulizi kama ameiba. Anauliza kama atarudi, kama atavuruga mashahidi au upelelezi, kama ana rekodi ya kuruka dhamana, na kama yeye mwenyewe atakuwa salama huko mtaani. Hasira ya mtaa haimo katika maswali hayo, ingawa naielewa.

Kama jirani yako anatishwa, mwambie asiishie kulalamika barazani. Aende kwa mpelelezi wa kesi au kwa mwendesha mashtaka na tarehe ya tishio, namba iliyopiga na jina la aliyesikia. Mahakama inaweza kuifuta dhamana, lakini haiwezi kuifuta kwa fununu.

Linaloniudhi mimi liko kwingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hii ya Tanzania Bara, ina orodha ya makosa ambayo hakimu hana ruhusa hata ya kusikiliza ombi la dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, usafirishaji wa dawa za kulevya na mengine kadhaa. Sasa angalia. Kuvunja duka usiku kuna dhamana. Mwenye duka akisema alitishwa kwa panga, kosa linageuka unyang'anyi wa kutumia silaha, na mtu huyohuyo atakaa mahabusu mpaka kesi iishe, hata kama panga lenyewe halijaonekana. Hakimu atamrudisha kila baada ya siku kama 14 kusikia kwamba upelelezi haujakamilika. Hapo aliyeamua dhamana ni yule aliyechagua jina la kosa, naye ni upande mmoja wa kesi.

Unamkumbuka mwandishi wa habari Erick Kabendera? Alikamatwa Julai 2019, mwanzoni ikasemwa ni suala la uraia wake. Baadaye alishtakiwa kwa kukwepa kodi, kuongoza genge la uhalifu na utakatishaji fedha. Hilo la mwisho lilitosha kuufunga mlango. Mama yake alifariki Desemba akiwa bado ndani, na mazishini hakuruhusiwa kwenda. Alitoka Februari 2020 kwa makubaliano na upande wa mashtaka, baada ya kukiri. Mtu aliye ndani bila tumaini la dhamana hukiri kwa hesabu tofauti kabisa na aliye nje, na hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote.

Orodha hiyo imepingwa mahakamani. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5), chenye orodha hiyo, kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, kwa hiyo orodha ikabaki. Wenzetu Kenya, tangu Katiba yao ya 2010, ibara ya 49 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito, na hata mshtakiwa wa mauaji huomba na wengine hupewa. Ila usidhani kule ni peponi. Masharti ya fedha taslimu yanawaacha ndani maskini wa makosa madogo wakati mwenye nazo analipa na kuondoka mchana uleule. Kwao mlango uko wazi lakini una kiingilio.

Haya, mpwa wako. Umeandika kwamba ni wizi wa mtumishi, kule ghalani anakofanya kazi, Sh milioni 24, washtakiwa wanne. Cha kwanza, pata nakala ya hati ya mashtaka uisome mstari kwa mstari. Ukikuta utakatishaji fedha umeongezwa humo, acha kuhangaikia wadhamini na umtafute wakili. Kama ni wizi peke yake, dhamana ipo, ila thamani ikizidi Sh milioni 10 sheria inataka nusu iwekwe mahakamani, kwa fedha taslimu au kwa hati ya mali isiyohamishika, na nusu nyingine isainiwe kwa bondi, yaani ahadi ya maandishi kwamba italipwa asipofika. Nusu ya 24 ni 12. Mahakama ya Rufani ilishaeleza kwamba washtakiwa wakiwa wengi mzigo huo hugawanywa, kwa hiyo ni milioni 3 kwa kila mmoja. Kama mpwa wako ametajiwa milioni 12 peke yake, wakili aikumbushe mahakama, na ikishindikana aende Mahakama Kuu, ambayo ina uwezo wa kupunguza masharti.

Kanuni hiyo ya nusu naiona kichekesho kichungu. Aliyeiba kweli ndiye mwenye milioni 3 za kuweka. Asiyeiba ana mshahara wa ghala.

Ukiamua kumdhamini, nenda kwanza kwa mtendaji wa mtaa wako ukachukue barua ya utambulisho. Iwe na picha yako, na muhuri ugonge juu ya picha, nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Majina yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha Taifa. Zaituni wa kwenye barua na Zaitun wa NIDA ni watu wawili mbele ya karani, na hapa ndipo wadhamini wengi wanapokwama. Beba nakala za kitambulisho, picha ndogo nne, na kitambulisho cha kazi kama hakimu ametaka mdhamini mwajiriwa. Hati ya nyumba ikihitajika, iambatane na ripoti ya mthamini, na jina lililomo liwe la anayeitoa. Hati yenye jina la marehemu babu haitapita bila msimamizi wa mirathi.

Fika asubuhi. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba muda wa kuhakiki nyaraka, na karandinga halisubiri mtu. Likiondoka kabla hujasaini, mpwa wako analala gerezani, na itabidi hati ya kumtoa iandikwe na kupelekwa huko. Siku ya Ijumaa hilo maana yake ni mpaka Jumatatu.

Pale nje ya mahakama utakutana na vishoka watakaokwambia wana wadhamini tayari, lipa tu. Usithubutu. Mdhamini wa kukodi akigundulika dhamana inafutwa, na mpwa wako ataonekana mdanganyifu kabla hajajibu shtaka. Fedha inayowekwa kwa amri ya hakimu huwa na risiti ya serikali yenye jina la aliyeweka na namba ya kesi, nawe uitunze kama cheti cha kuzaliwa, maana kesi ikiisha ndiyo utakayorudishiwa nayo. Vilevile dhamana ya kituo cha polisi haina ada.

Sasa sahihi yako. Ukisaini bondi ya milioni 3, yaani fungu lake katika ile nusu nyingine, hulipi chochote siku hiyo, ndiyo maana watu husaini kama wanasaini daftari la mahudhurio. Mpwa akikosa kufika, mahakama itatoa hati ya kumkamata na kukuita wewe ueleze kwa nini usilipe. Usipokuwa na maelezo ya maana, utalipa. Ukishindwa, mali yako inakamatwa na kuuzwa, na isipotosha unaweza kufungwa hadi miezi sita. Kwa hiyo jiulize kama unajua anakolala, kama simu yake unaipata, na kama ukimwambia njoo anakuja. Kama majibu ni hapana, huo undugu usikusukume.

Na ukisaini kisha ukaona anaanza kujificha, usingoje tarehe ifike. Nenda mahakamani uombe kujitoa. Hakimu ataagiza aletwe, wewe utaondolewa kwenye bondi uliyosaini, naye atatakiwa kutafuta mdhamini mwingine au arudi ndani. Hilo si usaliti, sheria imeliweka kwa ajili yako.

Msomee masharti yake pia, maana wengi hunaswa hapo bila kukimbia: kutotoka nje ya mkoa bila kibali, kusalimisha pasi ya kusafiria, kuripoti polisi siku alizopangiwa. Akienda msibani mkoa wa jirani bila ruhusa, amevunja dhamana, hata kama msiba ni wa kweli.

Nipigie picha hiyo hati ya mashtaka, kurasa zote, na uniambie hakimu ametaja wadhamini wangapi. Nikiipata kabla ya Alhamisi nitakujibu siku hiyohiyo. Msalimie sana mama, mwambie dawa ya mgongo nimeipata.

Shoga yako,
Rehema