Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2024

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na hamjambo.

Hesabu za fedha na za makreti atazisoma mweka hazina. Mtaona kwamba chakula cha kubaki tulichopokea kutoka supamaketi ili tukigawe kimepungua kuliko mwaka uliotangulia. Msishtuke. Kimepungua kwa sababu tumejifunza kukataa.

Zamani tulichukua kila tulichopewa. Supamaketi za Nyali zikikaribia kufunga, tuktuk iko mlango wa nyuma, na asubuhi Kisauni kuna watu wanangoja. Lakini joto la Mombasa halimngoji mtu. Boflo iliyobakisha siku moja, ikilala ndani ya kreti na unyevu huu wetu, inaamka na ukungu. Maziwa ya pakiti yakitolewa kwenye friji saa mbili usiku, hatuna hakika nayo alfajiri. Ramadhani ndiyo iliyotufumbua macho. Duka moja, nalihifadhi jina, lilituletea mtindi uliopita tarehe na nyanya zinazochuruzika maji, watu wakisubiri futari. Sisi ndio tuliozipeleka jaani, kwa mafuta yetu. Ule haukuwa msaada. Tulikuwa tunabebeshwa taka za mtu.

Tangu hapo kreti hufunguliwa palepale dukani, mbele ya mfanyakazi wao, na kisichofaa kinabaki. Wenye zamu wameshajua kutofautisha tarehe mbili: ile ya ubora, ambayo ikipita biskuti au tambi bado zinalika, na ile ya usalama kwenye nyama na maziwa, ambayo haina mjadala. Meneja mmoja alinuna wiki kadhaa. Sasa ndiye anayetupigia simu alasiri, mapema, chakula kingali na uhai. Kwangu mimi hayo ndiyo mafanikio makubwa ya mwaka.

Juni maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalifunga maduka siku kadhaa na zamu zikakatika. Mswada wenyewe mwanzoni ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Bahati hilo liliondolewa.

Jambo jingine ni keki. Supamaketi hazikosi keki za kubaki, na wazee wetu wengi wana sukari. Ndiyo maana tumeacha kugawa mifuko iliyofungwa tayari. Vitu hupangwa mezani, mtu anachagua anachokula. Foleni imekuwa ndefu zaidi, nakiri, lakini hatuokoti tena vitu vilivyotupwa njiani.

Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini tusidai sheria kama ya Ufaransa. Ile ya mwaka 2016 inayataka maduka ya zaidi ya mita za mraba 400 yaandikiane mkataba na vyama vya misaada, na inakataza kuharibu makusudi chakula kinachofaa kuliwa. Ni sheria nzuri, na mimi nitaiunga mkono hapa kwetu. Ila mkataba peke yake haupoozi maziwa. Tena, kabla hatujawanyooshea kidole wenye maduka: ripoti ya mwaka 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema kati ya tani bilioni 1.05 za chakula zilizotupwa duniani mwaka 2022, asilimia 60 zilitoka majumbani na asilimia 12 madukani. Majumbani ni kwetu pia.

Kamati inaomba kura zenu kwa mambo mawili. La kwanza, tununue friza, hata iliyotumika, iwekwe ghalani Kisauni, ili nyama na samaki tusiwe tunavikataa kwa kukosa pa kuviweka. La pili, chama kilipie vyeti vya afya vya wote wanaoshika chakula. Vinakwisha kila miezi sita, na si haki mtu anayejitolea atoe pia mfukoni mwake.

Zamu ya Ijumaa jioni haina dereva. Anayeweza aandikishe jina kwa katibu kabla kikao hakijafungwa.