Usimchinje jogoo wako

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Barua yako niliipata Jumapili nikaisoma mara mbili, hasa pale uliponieleza kwamba koo wako mwekundu aliangua vifaranga 12, na walipoanza kuota vilemba ukabaini kuwa 9 kati yao ni majogoo, ndipo ukaazimia kumchinja baba yao na kutafuta jogoo mwingine atakayekupatia mitetea. Nakuomba umwache, kwa sababu kwa kuku anayeamua si dume.

Kuku ana kromosomu 78, yaani vile vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi, nazo ni jozi 39, na jozi moja kati ya hizo ndiyo inayohusika na jinsi. Kromosomu za jozi hiyo huitwa Z na W: jogoo ana Z mbili, ilhali mtetea ana Z moja na W moja. Kila mbegu ya jogoo, basi, hubeba Z, lakini yai laweza kubeba Z au W, na jambo hilo huwa limekwisha kuamuliwa tumboni mwa koo kabla mbegu haijalifikia yai. Katika Z imo jeni, yaani kipande cha kromosomu chenye agizo la urithi, iitwayo DMRT1. Kiinitete kilichopata Z mbili hupata dozi mbili za jeni hiyo, na wingi huo ndio unaokielekeza kujenga korodani. Umbo la yai, wanaloliangalia sana majirani zako, halisemi lolote.

Kwa binadamu mambo ni kinyume, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mama ana X mbili, kwa hiyo hana kingine cha kutoa ila X. Baba ana X na Y, na mbegu yake iliyobeba Y ndiyo inayoleta mtoto wa kiume. Unamkumbuka shangazi yangu, aliyerudishwa nyumbani kwa babu baada ya kuzaa binti wa nne, akaambiwa kwamba tumbo lake halijui wavulana? Wakati huo tayari ilikuwa imepita miaka mingi tangu Nettie Stevens, mwanamke wa Kimarekani, achapishe mwaka 1905 alichokiona kwa darubini katika seli za mbawakawa wa unga: jike alikuwa na kromosomu kubwa 20, dume alikuwa na kubwa 19 na moja ndogo, na mbegu za dume zilikuwa za aina mbili, nusu zikiwa na ile ndogo na nusu bila hiyo. Mwaka 1990 wanasayansi walitambua hata jeni yenyewe iliyomo katika Y, inayoitwa SRY. Shangazi hakuwahi kuelezwa hata neno moja la hayo, nami kila nikifundisha somo hili humwona yeye, ameketi uani akipepeta mchele bila kusema na mtu.

Usidhani kuwa njia ni hizo mbili tu. Nyuki dume hana baba kabisa: hutoka katika yai lisilorutubishwa, akawa na kromosomu 16, wakati malkia na vibarua wana 32. Kasa wanaotaga Mafia hawana kromosomu za jinsi. Jinsi yao huamuliwa na joto la mchanga, ambapo mayai yaliyofukiwa penye joto zaidi hutoa majike, na ndiyo maana kupanda kwa joto duniani kunawatia hofu wanaowalinda.

Turudi bandani kwako. Majogoo 9 kati ya 12 ni bahati tu, kama mtu aliyerusha sarafu mara 12. Mwachie jogoo maisha yake, umlalishe koo juu ya mayai mengine, na wakishaota vilemba uniandikie wamepatikana mitetea wangapi.

Wako akupendaye.