Mjomba, kuhusu ile klipu ya mbwa na paka

Shikamoo Mjomba.

Umeshanizoea. Unanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, mimi narudisha kikatuni kimoja kinachocheka mpaka machozi, basi, mazungumzo yameisha. Mama anasema ni utovu wa adabu na huenda ana haki. Lakini kuna ujumbe wako mmoja ambao nimeukalia miezi saba, tangu Septemba 2024, na leo naujibu. Naujibu hadharani kwa sababu na wewe hukunitumia peke yangu. Uliurusha kwenye kundi la ukoo. Bibi akauona, Mama Mkubwa wa Muheza akauona, na kijana wake akauweka kwenye stetasi siku nzima.

Ni ile klipu ya Trump kwenye mdahalo wa wagombea urais. Sauti yake imekatwakatwa, ikawekewa kinanda na mdundo, anaimba kwamba huko Springfield wahamiaji wanakula mbwa, wanakula paka. Chini yake ukaandika: "Mpwa, na wewe umeshaonja?"

Nilicheka, sikufichi. Tena ule wimbo nilikuwa naujua kabla hujanitumia. Mdahalo ulikuwa Philadelphia tarehe 10 Septemba, watu milioni 67 wakautazama, na kesho yake jioni mdundo ulikuwa umeshatengenezwa. Mimi na wenzangu tuliuweka kwenye gari tukitoka kazini, vioo vimeshushwa, tukigonga dashibodi. Ndivyo tunavyokula siasa sisi vijana wa huku. Hotuba hatuisikilizi, tunasubiri ipikwe na mtu mwenye kompyuta, tunaipata kesho yake ikiwa na besi.

Sasa nikueleze Springfield ni wapi, maana kwenye kundi Mama Mkubwa aliuliza kama ni karibu na kwetu na hakuna aliyemjibu. Ni karibu sana. Ukitoka hapa Columbus, jimbo la Ohio, unashika barabara kuu ya 70 kwenda magharibi, kilomita kama 70 hivi. Ni Tanga mpaka Segera. Ni mji uliokuwa na viwanda na watu zaidi ya 80,000 miaka ya sitini, ukapukutika mpaka chini ya 60,000. Halafu miaka hii ya karibuni kazi zikarudi, za viwandani na za maghala, na mikono ikakosekana. Wahaiti wakasikia. Wakaja, zaidi ya elfu kumi, wengi wao wakiwa na kibali cha muda kinachowaruhusu kukaa na kufanya kazi kihalali kwa sababu kwao hakukaliki.

Mji mdogo ukipokea watu elfu kumi kwa miaka michache, lazima utaguna. Kodi za nyumba zilipanda. Foleni zahanati zikawa ndefu. Mashule yakahitaji walimu wa kufundisha Kiingereza watoto wanaosema Kikrioli. Hayo ni malalamiko ya kweli na sitaki kuyadharau. Hata Ngamiani wangelalamika. Mwaka 2023 gari lililoendeshwa na Mhaiti liligongana na basi la shule, mtoto wa miaka kumi na mmoja akafa. Uchungu wa mji ulianzia hapo kwa wengi. Lakini Mjomba, baba wa yule mtoto alisimama kwenye mkutano wa halmashauri ya mji akawaomba wanasiasa waache kulitumia jina la mwanawe kuchochea chuki. Unajua alisema lini? Tarehe 10 Septemba. Siku ileile ya mdahalo. Kwanza baba anaomba, halafu inakuja habari ya mbwa na paka, na dunia ikashika ya pili.

Habari yenyewe, kwamba Wahaiti wanakula mbwa na paka wa watu, ilitoka Facebook. Mtu alisikia kwa jirani, jirani alisikia kwa rafiki, rafiki naye paka wake kapotea. Umbea wa kibarazani tu, huo tunaoujua sote. Viongozi wa mji wakasema hawana ushahidi wowote. Gavana wetu, Mike DeWine, ambaye ni wa chama kilekile cha Trump na kazaliwa Springfield hapohapo, akasema hivyohivyo. JD Vance, wakati ule seneta wetu wa Ohio, alisema kwenye runinga kwamba ikimbidi kutengeneza habari ili vyombo vya habari viangalie shida za Wamarekani, basi atatengeneza. Baadaye akafafanua kuwa alimaanisha kuvifanya vigeuze macho. Leo ni Makamu wa Rais. Sisi tukaendelea kucheza wimbo.

Halafu yakaja matishio ya mabomu. Ndani ya siku chache Gavana alihesabu yasiyopungua 33, yote ya uongo, lakini shule hazijui kama ni ya uongo mpaka watoto watolewe nje kwanza. Akalazimika kuweka askari wa jimbo kwenye shule za mji kila asubuhi. Chuo kikuu cha pale kikahamishia masomo kwenye kompyuta. Hata John Legend, mwimbaji (ndiyo, yule wa Mama), akajirekodi kwa sababu ni mtoto wa Springfield, akiwaomba watu wa kwao wawatazame Wahaiti kama majirani. Mama alimsikiliza mara tatu. Sina hakika kama ni kwa ajili ya Wahaiti au kwa ajili ya sauti.

Nafika sasa kwenye kilichonifanya ninyamaze.

Pale ghalani ninapofanya kazi kuna Mhaiti, mtu wa makamo, anaendesha kila siku kutoka Springfield. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tunakaa meza moja wakati wa mapumziko kwa sababu wote wawili tunaleta chakula cha nyumbani na tunagombania maikrowevu moja. Siku ulipotuma klipu, mimi nipo kantini, simu iko juu, nikabonyeza bila kutazama nikidhani ni sauti yako. Ukalia ule wimbo. Kantini nzima ikausikia.

Yeye hakuinua hata kichwa. Alikuwa na wali na maharage yake, pembeni kijichupa cha pikliz, ambayo ni kachumbari yao ya kabichi iliyolowekwa kwenye siki na pilipili kali aina ya mbuzi. Akaendelea kula. Nilipozima, akaniuliza taratibu nani kanitumia. Nikasema mjomba wangu, Afrika. Akatafuna kwanza, akameza.

"Hata Afrika imefika?"

Basi. Hakusema lingine. Mimi nikarudisha kikatuni chako cha kicheko chini ya meza, kwa mazoea tu ya kidole, na ndicho ulichopokea.

Nimelizungusha swali lake kichwani majira yote ya baridi, Mjomba, na kila mara linanirudisha kwenye ule msiba wa Makorora, mwaka niliokuja nina miaka kumi na miwili. Unakumbuka? Jeneza linatoka, mzee mmoja akajilaza njiani, anadai hela, anamwigiza marehemu anavyotembea, wafiwa wanacheka huku wanalia. Mimi mtoto wa Ohio nikaona ni wendawazimu. Ukaninong'oneza: "Huyo ni mtani." Kisha tukafika makaburini nikamwona mzee yuleyule ameshika koleo, jasho linamtoka, amechimba kuliko vijana. Ukaniambia mtani anakutania leo kwa sababu kesho na wewe una zamu yako, na kwa sababu ukifa atakuzika.

Huku kwetu utani upo, lakini uko kwenye mpira. Najua hupendi huu mchezo wa Kimarekani wa kubeba mpira mkononi tuuite mpira wa miguu; tuliache hilo. Columbus ina timu ya chuo kikuu, Ohio State, na uwanja wake unaingiza watu zaidi ya laki moja. Watani wao wa jadi ni Michigan, wa jimbo la kaskazini. Simba na Yanga kabisa. Wiki ya mechi, pale chuoni wanaziba kila herufi M kwenye vibao vya majengo kwa utepe mwekundu. Watu wazima, Mjomba, maprofesa, wanapita mbele ya vibao visivyo na M na hakuna anayeona ajabu. Tarehe 30 Novemba Michigan walikuja hapa wakatufunga 13 kwa 10, mara ya nne mfululizo, wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, zikapigwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Na bado jirani yetu wa nyumba ya pili, shabiki wa Michigan, ndiye anayetusukumia gari likikwama kwenye theluji. Ananitukana huku anasukuma. Huyo namwita mtani.

Yule wa kantini hana zamu. Mimi nikimcheka, yeye atamcheka nani? Wimbo wake wa kunijibu utapigwa na redio gani?

Siasa zetu zimechukua kelele za mpira zikaacha lile koleo. Msimu mzima wa vuli huwezi kutazama mechi bila tangazo la siasa kila mapumziko, maana kiti cha useneti cha Ohio kiligombaniwa kwa mamilioni mengi. Watu wanachomeka vibao vya wagombea kwenye nyasi za mbele ya nyumba jirani na bendera za timu, na ukipita kwa kasi hujui ipi ni ipi. Halafu siku yenyewe, Jumanne tarehe 5 Novemba, tunapiga kura halafu tunakwenda kazini. Uliniuliza mara moja kwa nini Jumanne. Ni sheria ya mwaka 1845, enzi za mkulima na farasi wake: Jumapili kanisani, Jumatatu njiani, Jumanne kura. Farasi waliondoka, Jumanne ikabaki. Ninyi mwaka 2020 mlipiga kura Jumatano na ikatangazwa mapumziko. Hapa mimi nilipanga foleni gizani ili niwahi zamu ya asubuhi. Kinyume chake, Jumapili ya fainali ya mpira mwezi Februari nchi inasimama. Mwaka 2025 watu milioni 127 walitazama Eagles wakiwafunga Chiefs 40 kwa 22, Rais mwenyewe yuko uwanjani, na rapa Kendrick Lamar akatumbuiza dakika kumi na tatu ambazo bado tunabishana zilimaanisha nini. Mama alikuja kwa ajili ya mabawa ya kuku.

Kuna siku moja iliyokusanya yote, 20 Januari 2025. Mchana Trump anaapishwa, ndani ya jengo la Bunge kwa sababu ya baridi. Ni sikukuu ya Martin Luther King pia. Usiku, huko Atlanta, Ohio State wanawafunga Notre Dame 34 kwa 23 na kuwa mabingwa wa vyuo wa nchi nzima. Hapa mtaani watu walitoka nje kwenye baridi ile wakipiga honi mpaka usiku wa manane. Ukiniuliza walikuwa wanashangilia nini, nitakuapia ni mpira. Rais sikumsikia mtu akimtaja.

Aprili 2025 mabingwa wakaalikwa Ikulu. Vance alisoma Ohio State, kwa hiyo furaha yake ilikuwa ya kweli. Akalinyanyua kombe, kitako kikachomoka, kikaanguka chini. Akatania kwamba hakutaka timu nyingine ilipate baada yetu. Nilicheka, na hapo niliona ni haki kucheka: mtu mkubwa kaangusha kitu, kajitania mwenyewe, hakuna aliyeumia. Klipu hiyo ikazunguka ghalani siku tatu. Yule Mhaiti naye aliiangalia kwenye simu yangu, akacheka mpaka akakohoa pilipili.

Lakini mwezi Februari 2025 kulikuwa na habari nyingine ambayo haikuwekewa mdundo. Serikali ilitangaza kwamba kile kibali cha muda cha Wahaiti, kilichokuwa kiende mpaka Februari 2026, kitakatwa tarehe 3 Agosti 2025. Sikuiona kwenye simu yangu. Sikutumiwa na mtu. Niliisikia kantini, kutoka kwake, akiniuliza kama najua gari lake linaweza kuuzwa kwa bei gani.

Nilikwenda kwao Jumapili iliyofuata, kulitazama hilo gari. Sikulinunua, lina kutu chini. Ila nilikula. Walinipikia mbuzi, wali na maharage, na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa mara mbili, na nakuapia Mjomba ule wali ungeweza kutoka jikoni kwa Bibi, ungeongezewa nazi tu. Mkewe ana paka. Mnene, wa rangi ya chungwa, anaitwa jina la mchezaji wa mpira wa Brazili. Alilala juu ya kiatu changu mlo wote, na nikawa najizuia kumtazama.

Sikuandikii kukulaumu. Wewe ulituma mara moja. Mimi nilicheza kwenye gari wiki nzima. Nakuomba tu uifute kwenye lile kundi, kama bado ipo, na umwambie kijana wa Mama Mkubwa.

Jumatatu jamaa aliniuliza kama yule mjomba wa Afrika bado anatuma vichekesho. Nikamwambia hapana, siku hizi anatuma matokeo ya Coastal Union, timu ya Tanga, tu. Akataka kujua kama wanashinda.

Hapo, Mjomba, ilibidi niseme uongo.

Nisalimie Bibi.

Mpwa wako,
Columbus