Kuhusu kumwombea aliyedhulumu

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata. Unauliza: kama Mungu ni wa haki na anajua yote, ya nini kumwombea mtu aliyekula mali ya yatima? Swali hilo ni zito, na sitakujibu kwa "tuombe tu".

Fungua Mwanzo 18, ila usianzie Ibrahimu anapoomba. Anzia mstari wa 17. Mungu ndiye anayelianzisha: hataki kumficha Ibrahimu analokusudia, kwa kuwa amemchagua awaagize wanawe kutenda haki. Ndipo anamweleza habari ya kilio cha Sodoma. Kilio cha nani? Mimi naamini ni cha wanyonge wa mle, maana Ezekieli 16 inautaja uovu wa Sodoma kuwa ni kiburi, shibe, na kutowasaidia maskini.

Ibrahimu, anayejiita "mavumbi na majivu", anasimama na kuuliza: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Hakuomba haki iwekwe kando; aliidai. Akaanza na wenye haki 50, akashuka mpaka 10. Na tazama, Lutu, mwana wa ndugu yake, anaishi humo, lakini hamtaji hata mara moja. Angeweza kusema, "Nitolee huyu wangu, wengine shauri yao." Yeye aliuombea mji wote, na waovu wake, kwa ajili ya wema wachache. Nikifika hapo huwa nanyamaza, kwa sababu maombi yetu mengi huishia kwenye ukoo.

Kumi hawakupatikana. Hata hivyo 19:29 inasema Mungu alimkumbuka Ibrahimu, akamtoa Lutu.

Ila mpaka upo. Nabii Amosi, katika maono yake (Amosi 7), alilia mbele ya nzige na mbele ya moto, kwamba Yakobo, yaani taifa la Israeli, ni mdogo, atasimamaje, na mara zote mbili Mungu akaghairi. Katika maono ya tatu, ya timazi, ile kamba ya fundi ya kupimia kama ukuta umenyooka, Amosi hakuomba tena. Yeremia 7 ni kali zaidi: nabii anakatazwa kuwaombea watu waliokuwa wakimwonea mgeni, yatima na mjane, kisha wakikimbilia hekaluni kujiona salama. Ombi halikuwekwa limfunike mtu anayeendelea kudhulumu. Lakini Ezekieli 22, baada ya kuutaja udhalimu wa Yerusalemu, Mungu anasema alitafuta mtu wa kusimama mahali palipobomoka, asione hata mmoja. Aliyetafuta ni yeye mwenye kuhukumu!

Kwa hiyo mwombee yule bwana, lakini usimwombee peke yake. Wale watoto wataje katika ombi lilo hilo. Omba moyo wake uvunjike, arudishe shamba lao. Na mkiitwa barazani kutoa ushahidi, nenda ukaseme unayoyajua.

Nisalimie mama na wote hapo nyumbani. Niandikie kesi ikisikilizwa.

Wako katika Kristo.