Kaka, si togwa ya Shangazi

Kaka yangu mpendwa,

Tangu tumzike mdogo wetu hupokei simu zangu, ndiyo maana nakuandikia hapa, ili usiposoma wewe wasome watoto wako. Sijasahau ulivyosimama msibani, mbele ya wazee na majirani wote, ukamnyooshea kidole Shangazi na kusema kwamba togwa yake ilikuwa na sumu, ilhali ndiye aliyemlea marehemu tangu hajaota meno. Alijifunika kanga usoni, wala hakujibu.

Sumu ilikuwepo, lakini ilitoka kwenye jiko uliloliingiza chumbani kwa mdogo wetu kwa kumhurumia na baridi ya Njombe, na huruma hiyo siilaumu. Mkaa ulikuwa umekolea, hautoi moshi, ukaamini kuwa hauna madhara. Kumbe mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, na ule mwali wa bluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyohiyo ikiungua. Ikifika kwenye damu hung'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kilimuuma, akashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, nawe ukasema ni togwa.

Darasani huwa naisifu gesi hii. Katika malungu, yale matanuri ya Ufipa, ndiyo iliyoyapokonya mawe ya madini oksijeni hadi kikabaki chuma, na viwandani huchanganywa na hidrojeni kutengeneza methanoli, aina ya alkoholi.

Nakusihi, jiko lisilale tena chumbani. Anayezidiwa atolewe nje mara moja, kisha akimbizwe hospitali apewe oksijeni, kwa kuwa kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu, ilhali kwa oksijeni safi ni dakika 90 hivi.

Utaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa mlangoni, nikaliona jiko, nikasema dirisha liachwe wazi, ingawa nilijua kwamba dirisha moja lisingetosha. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu wakwe zako walikuwepo, na sikutaka kukusahihisha nyumbani kwako. Lakini nilisema, Kaka. Muulize wifi, alinisikia.

Jumamosi nakwenda kwa Shangazi. Bado anakoroga togwa, ila tangu msiba hakuna jirani anayekwenda kuinywa. Nitakupitia saa 3 asubuhi.