Picha ya ubavuni isisahaulike kwa mtoto

Mhariri,

Mtoto amekohoa zaidi ya wiki mbili, anakonda, na nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu. Fomu ya eksirei inaandikwa "kifua", basi. Inapigwa picha moja ya mbele, ikionekana safi mtoto anapewa dawa ya kikohozi. Tunaomba fomu hiyo iandikwe picha mbili: ya mbele na ya ubavuni.

Sababu ni limfu, maji yanayokusanywa kutoka kwenye nyama za mwili na kurudishwa katika damu. Pafu lina mitaro yake kama mitaa yetu ya Langoni na Mkomani. Mtandao mmoja umetambaa chini ya utando wa nje, wa pili unafuatana na mirija ya hewa na mishipa ya damu. Maji huelekea mlango wa pafu, yaani pale mirija ya hewa na mishipa ya damu inapoingia, yakachujwa kwenye tezi, kisha hupanda kando ya bomba la hewa hadi kumwagika katika mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo. Njiani kuna vali zinazozuia yasirudi. Aliyepika kwa kuni miaka mingi, masizi aliyovuta hubebwa na limfu hiyo: tezi huwa nyeusi, na juu ya pafu huonekana mistari myeusi iliyouchora mtandao wenyewe. Limfu ya sehemu ya chini ya pafu la kushoto mara nyingi huvukia kulia, kwa hiyo tezi iliyovimba kulia si ushahidi kwamba ugonjwa ulianzia kulia.

Kwa mtoto mdogo, vijidudu vya kifua kikuu hushika njia hiyohiyo. Doa la kwanza pafuni laweza kuwa dogo lisionekane, ilhali tezi za mlangoni zimeshakua. Kwenye picha ya mbele moyo na mishipa mikubwa huzificha. Kwenye picha ya ubavuni, mishipa mikubwa huchora upinde ulio wazi upande wa chini, mfano wa kiatu cha farasi. Tezi zikivimba huziba uwazi ule, upinde ukawa duara kamili lenye tundu jeusi katikati. Hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Lakini picha mbaya hudanganya. Mtoto apigwe ubavu wa kushoto ukigusa kaseti (bamba linalopokea picha), mikono juu, kidevu kimeinuliwa. Ya mbele ipigwe anapovuta pumzi: mbavu za mbele zihesabike 5 au 6 juu ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Akipigwa akitoa pumzi huku analia, katikati ya kifua hupanuka na mtu akadhani ni tezi. Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, nayo huwasumbua wengi. Hiyo ni ya kawaida utotoni, ni laini, ukingo wake hufuata mawimbi ya mbavu wala haibani bomba la hewa. Tezi zenye ugonjwa huweza kulibana.

Wazazi wanaoogopa mionzi wajue kuwa kwa mtu mzima picha mbili pamoja ni takriban milisivati 0.1 (kipimo cha mionzi), na mionzi ya asili tunayoipata kila mwaka ni wastani wa 2.4. Mionzi ya siti skani ya kifua (picha za vipande kwa kompyuta) ni mikubwa zaidi mara nyingi, basi ibaki kwa maswali ambayo eksirei imeshindwa kuyajibu. Mtoto aliyevushwa kwa boti kutoka Faza asirudishwe safari ya pili kwa picha iliyosahauliwa.

Tezi kubwa peke yake haithibitishi kifua kikuu, kwani hata saratani ya tezi za limfu huzivimbisha. Na picha safi haikanushi. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi apimwe kinyesi au majimaji yaliyovutwa kutoka tumbo la chakula kwa GeneXpert, mashine inayotafuta chembe za urithi za vijidudu vya kifua kikuu.

Picha ya kwanza itunzwe, iletwe kila ziara. Tezi hupungua polepole kwa miezi, na pengine huongezeka kidogo baada ya dawa kuanza. Wazazi wakiona hivyo wasisimamishe dawa, wamrudishe mtoto kliniki na picha zake zote.

Wapiga picha za eksirei,
Lamu